Msiniambie Haiumi

Mazungumzo na wanafunzi wa maabara na uuguzi, Tanga, wiki moja kabla ya kwenda mazoezini. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila nimeondoa kukohoa na ile dakika niliyoipoteza nikitafuta miwani iliyokuwa kichwani kwangu.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu, nanyi wanangu. Asalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo?

Aliyenialika hapa ni mpwa wangu, mwalimu wenu. Aliponipigia simu nilimwambia, mwanangu, mimi nimefundisha baiolojia miaka 31, lakini maabara yangu ilikuwa ya vyura na panzi. Watoto wa maabara ya watu nitawaambia nini? Akanijibu, "Mjomba, wataalamu wa kuchoma tunao. Hatuna mtaalamu wa kuchomwa." Basi nimekuja kwa cheo hicho. Nina kisukari, huu ni mwaka wa 14, na kwa hesabu yangu ya haraka nimeshachomwa kwenye mkunjo wa mkono zaidi ya mara 60. Vidole sikuvihesabu.

Wazee walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Nyinyi kitanda hiki mtakisimamia miaka 30, mtakitandika, mtakipangusa. Mimi nimekuja kuwaambia habari za kunguni.

Nianzie mbali kidogo, maana kuchomwa hakuanzi pale kwenye kiti. Kunaanza usiku wa kuamkia siku yenyewe. Unaambiwa, "Kesho uje hujala kitu." Mnapolisema neno hilo mnajua mnamaanisha nini. Mimi nililielewa kama mtu wa pwani anavyolielewa: nikafunga. Sikula, sikunywa, na alfajiri nikitema mate kama niko kumi la mwisho la Ramadhani. Nikafika kwenye benchi saa 1 asubuhi, midomo imekauka, na nje ya geti akina mama wanakaanga vitumbua. Sijui kama mnaelewa mtu wa kisukari aliyeshinda njaa anavyokisikia kitumbua. Anakisikia kwa magoti.

Nilifanya hivyo miaka mitatu. Kila mara vijana wananipapasa mkono, wanaukunjua, wanaugeuza, wanatikisa kichwa. Mpaka siku moja mama mmoja wa maabara, mtu mzima, akaniuliza, "Mwalimu, maji umekunywa?" Nikamwambia, mama, mimi nimefunga. Akacheka mpaka akashika meza. Akaniambia maji matupu ruhusa, tena kunywa glasi mbili kabla hujatoka nyumbani, mishipa inajaa. Miaka mitatu, wanangu! Mishipa yangu ilikuwa inasinyaa kwa ajili ya neno moja ambalo hakuna aliyekumbuka kulieleza.

Haya, nimeitwa. Mara nyingine naitwa kwa jina la babu yangu, ndilo lililotangulia kwenye fomu. Hapa nawaomba kitu kidogo: mniulize jina langu nilitaje mwenyewe. Msiniulize, "Wewe ndiye fulani?" Mzee mwenye njaa na hofu huitikia jina lolote.

Nakaa. Nautandaza mkono mezani, kiganja juu, kama samaki changu kwenye mnada wa soko la Deep Sea. Na nyinyi mnaanza kuutazama kama mnunuzi anavyotazama samaki: mnabonyeza, mnagusa, hamsemi bei. Ukimya ule ni mrefu sana kwa mwenye mkono.

Halafu mpira wa kufungia. Mkuu wa Chuo anisamehe, lakini sote tunajua kwamba siku nyingine mpira wenyewe ni glavu. Glavu ikikazwa juu ya kiwiko inakamata malaika ya mkono, vile vinyweleo vyetu vidogo, na kuyavuta. Kwa hiyo maumivu ya kwanza si ya sindano. Malaika wanalia kabla ya mwenyewe. Mama yule niliyemtaja hufunga juu ya mkono wa shati. Sekunde mbili tu zaidi, na malaika wanabaki na amani yao.

Mkono ukishafungwa unaanza kuwa wa mtu mwingine. Unajaa. Mapigo ya moyo yanahamia kwenye vidole, halafu ganzi inapanda taratibu, na mshipa unainuka kama mzizi wa mwembe. Jambo hili mimi nimelifundisha kwa chaki. Daktari Mwingereza, William Harvey, mwaka 1628 alichapisha hoja yake kwamba damu inazunguka mwilini, na mojawapo ya ushahidi wake ulikuwa mkono uliofungwa kitambaa, vilevile kama mnavyofunga nyinyi. Alionyesha kwamba mishipa inavimba chini ya kifungo, upande wa vidole, na kwamba ukiisukuma damu kwa kidole irudi kule ilikotoka, inagoma, kwa sababu ya vile vizuizi vilivyomo ndani ya mshipa. Nimekichora kitu hicho ubaoni miaka 31, na mishipa ile nikaichora kwa chaki ya buluu. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, damu ya humo ni ya buluu?" Nikamjibu ndiyo, ikikosa hewa inakuwa ya buluu.

Nilijibu kwa kujiamini kabisa. Ndivyo nilivyoambiwa na mwalimu wangu. Nilipokaa kwenye kiti kile mara ya kwanza na kichupa kikajaa mbele ya macho yangu, nikaona rangi ya choya. Nyekundu iliyoiva mpaka ikaelekea weusi. Buluu hata tone. Yule mtoto siku hizi ana duka la vifaa vya ujenzi, na mimi bado sijapata ujasiri wa kwenda kumsahihisha.

Nakuja kwenye spiriti. Pamba ya spiriti ni baridi, inapita kama upepo wa alfajiri, na harufu yake ndiyo inayowaambia watoto wote waliopo chumbani kwamba mambo yamefika. Lakini sikilizeni: ikiwa bado mbichi na sindano ikapita juu yake, inaunguza. Mgonjwa atadhani ni sindano, nanyi mtadhani ni uoga wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 unasema spiriti ya asilimia 70, pangusa kwa sekunde 30, kisha iache ikauke sekunde 30 nyingine. Nusu dakika hiyo ndiyo inayoibwa kila siku. Anayeiba ana foleni ya watu 40, najua. Wengine huipulizia kwa mdomo ili iharakishe. Mnacheka, maana mmeona.

Sasa sindano.

Kuna kitu sijawahi kukisikia kikisemwa, nami nitakisema kwa kuwa nina umri wa kusema: pabaya kuliko pote si pale inapoingia. Ni pale inapokaribia kuingia. Ngozi inajua. Mkono mzima unasubiri kama nyumba inayosubiri hodi. Ikiingia, mchomo wenyewe ni mkali na mfupi, mwiba wa mchongoma. Halafu, ukiwa makini, utasikia wa pili ukija nyuma yake, mzito, mpole, unaounguza kidogo kama kaa lililofunikwa jivu. Siyo mawazo yako. Neva zinazobeba maumivu ni za aina mbili: moja ina ala ya mafuta, inapeleka habari mbio; nyingine haina, inafika imechelewa kama barua ya posta. Mchomo mmoja, taarifa mbili.

Ikishapita kwenye ngozi, maumivu mengi yamekwisha, maana ngozi ndiyo iliyojaa neva. Kinachobaki hakina jina zuri. Si kuuma. Ni kujua kwamba kuna kitu kigeni ndani. Kama mtu amesimama ukumbini kwako hajakaribishwa, wala haibi chochote, amesimama tu. Akitulia, nawe unatulia. Akianza kutembea, yaani sindano ikianza kutafuta kulia na kushoto, hapo ndipo mzee mzima anapomwita mama yake aliyezikwa mwaka 1989.

Na ukitulia kabisa kuna jambo moja dogo ambalo mimi nalipenda, mpwa wangu anasema ni wazimu. Kichupa kikijaa na kulala juu ya mkono, kina joto. Ni joto langu mwenyewe. Damu yangu imetoka nje kidogo na kunigusa.

Vichupa vingapi? Mara nyingi vitatu, siku mbaya vitano, na kila kimoja kina kifuniko cha rangi yake kama vikombe vya walimu kule stafurumu. Mama zangu benchini wananiambia, "Wanatumaliza damu hawa." Nimewapigia hesabu: vichupa vitano vya mililita 4 ni mililita 20, vijiko vinne vya chai. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Mchangiaji damu anatoa mililita 450 kwa mkupuo mmoja na kurudi nyumbani kwa miguu yake. Lakini kijiko cha chai hakionekani kidogo kikiwa ni cha kwako na kiko kwenye kioo.

Kile cha kifuniko cha kijivu ndicho cha sukari, na nilipoelezwa kwa nini kina dawa yake ya peke yake nilifurahi kama niko darasani tena. Damu ikishatoka haifi papo hapo. Chembe zake zinaendelea kula sukari humo humo kichupani, na usipozizuia, mpaka jioni kipimo kitasema mzee ana sukari ndogo, kumbe chembe zimekula. Hata nje ya mwili wangu damu yangu ni ya Tanga, haiachi kitamu.

Na kile cha zambarau kilinikamata uongo. Kuna kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Sikukijua. Nilizoea kula ninavyotaka, wiki moja kabla ya kliniki najitesa kwa mchicha na uji bila sukari, nafika mbele ya daktari na namba nzuri. Siku hiyo daktari akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akauliza, "Mwalimu, Idi ilikuwaje?" Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na sukari hujibandika ndani yake muda wote huo. Zilikuwa zimeandika kila kitumbua. Nimewahi kukamata watoto wengi wakinakili mtihani. Sikutegemea nitakamatwa na mkono wangu.

Baada ya hapo mpira unafunguliwa. Huo ndio utamu wa kazi nzima, na naona hamjui kwamba ni utamu, maana wengi mnafungua huku mnaangalia kwingine. Ni kama kuvua kiatu kilichobana harusi nzima. Mkono unarudi kwangu. Fungueni mapema, damu ikishaanza kutoka vizuri. Dakika moja inatosha kwa kufunga. Nasikia ukikaa zaidi ya hapo hata vipimo vinaharibika, damu inakuwa nzito kuliko ilivyo, na mkinikunjisha ngumi na kuifungua mara kumi, potasiamu, ile chumvi moja ya damuni, inapanda bure. Hayo ni yenu. Langu ni kwamba mpira ukisahaulika mpaka sindano inatolewa, damu inavilia chini ya ngozi, na siku ya tatu mkono una rangi ya bilinganya. Msikitini watu wananiuliza nimepigana na nani.

Na pamba. Nimekunja mkono juu ya pamba miaka sita, kama kila mtu mnayemwona akitoka dirishani kwenu amekunja kama aliyebeba mkoba. Kumbe inatakiwa nibonyeze mkono ukiwa umenyooka. Hakuna aliyeniambia. Nawaambia nyinyi mniambie.

Sasa niwarudishe nyuma sana.

Mara yangu ya kwanza kuchomwa kwa ajili ya kipimo ilikuwa usiku. Mwaka 1971, nina miaka 8, tunaishi kambi ya mkonge upande wa Pangani. Saa 4 usiku ikaingia Land Rover, wakashuka watu na karabai na meza ya kukunja, wakaanza kupanga vioo mezani. Wanataka damu. Usiku!

Vijana wa leo neno mumiani mnalisikia kama utani. Kwetu halikuwa utani. Kamusi za zamani zinaeleza kwamba mumiani ni dawa nyeusi iliyoletwa na majahazi kutoka ng'ambo, na watu waliamini imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Baadaye neno likahama kutoka kwenye dawa likamwendea mtu: mumiani ndiye anayekuja usiku na gari, anakunyonya damu, anakwenda kuiuza. Watu waliwashuku hata wazimamoto, kwa sababu ya magari yao na mipira yao. Kwa hiyo fikirieni: gari limekuja, ni usiku, wanasema wenyewe kwa vinywa vyao kwamba wamefuata damu. Bibi yangu alinisukuma chini ya kitanda, akaniziba kwa ungo na pakacha la nazi, akakaa juu na mwichi wa kutwangia.

Sababu ya kuja usiku niliijua nikiwa chuo cha ualimu. Minyoo ya matende na mabusha huzaa watoto wadogo sana, na watoto hao mchana wanajificha kwenye mishipa ya ndani, kule mapafuni. Usiku, kati ya saa 4 na saa 8 hivi, wanatoka na kuogelea kwenye damu ya karibu na ngozi, muda ule ule mbu wa kuwasafirisha wanapokuja kuuma. Ukipima mchana huwaoni. Jambo la ajabu na la akili nyingi kabisa, na lingeweza kuelezwa chini ya mwembe kwa dakika tano. Kila nyumba kambini ilikuwa na mwenye tende au mwenye kumjua mwenye tende; nani asingetaka kusikia?

Hawakulieleza. Aliyeokoa usiku ule ni balozi wetu wa nyumba kumi, mpasua kuni, hajui kusoma. Alikwenda mwenyewe kwenye karabai, akatoa kidole mbele ya watu wote, akachomwa, akakitazama, akageuka. Watu kimya. Akasema, "Inauma. Inauma kama siafu mmoja. Ukishamtoa, basi." Halafu akakinyonya kidole chake akaenda zake kulala.

Bibi alitoa ungo. Tukapanga mstari. Nami nilipochomwa, nilikuwa nimejiandaa kwa siafu, na siafu ndiye aliyekuja, wala hakuja na ndugu zake. Sikulia. Nililitazama tone likiwekwa kwenye kioo, likitandazwa kwa mwanga wa karabai, nikajiona mtu mkubwa. Majibu sikuyasikia hadi leo, lakini hilo nimewasamehe.

Zingatieni pia kwamba kidole kinauma kuliko mkono. Watu wanadhani kidogo ni kidogo. Ncha ya kidole ndiyo tunayoonea dunia kwa giza, imejaa neva. Mnapochoma kidole, chomeni pembeni, si katikati ya lile tumbo lake. Mimi nashikia chaki na tasbihi pale.

Kuna siku nilichomwa mara nne. Sitataja mahali. Kijana alikuwa mpole, shikamoo alinipa, lakini mara ya kwanza akakosa, akasema, "Mshipa umekimbia." Mara ya pili mshipa ukakimbia tena. Ya tatu, huku simu yake inalia mfukoni, akaniambia, "Mzee, mishipa yako mibaya." Mnajua nilifanyaje? Nikamwomba radhi. Mwalimu wa miaka 31, nimelala na njaa, mkono una matundu matatu, naomba radhi kwa ajili ya mishipa yangu! Ya nne alikwenda kwenye kiganja kwa nyuma, na huko, wanangu, si siafu tena. Nilirudi nyumbani nimeshika mikono yote miwili mbele kama mtu aliyebeba sinia lisiloonekana, na jambo lililonikaa halikuwa matundu. Lilikuwa lile neno. Kwa miezi nilikuwa nikimwambia kila anayenichoma, "Samahani, nina mishipa mibaya," kabla hata hajanigusa, na yeye akishasikia hivyo mkono wake unaanza kutetemeka. Mama wa maabara ndiye aliyelivunja. Alinipasha mkono kwa kitambaa cha maji ya moto, akaachia mkono uninging'inie chini kidogo, akapapasa bila kutazama, macho yake ameyaelekeza dirishani, akasema, "Huu hapa. Hauna ubaya, una haya." Mara moja akapata. Ukikosa mara mbili, mwite mwenzio. Si aibu. Aibu ni ya tatu.

Na wapo wanaoanguka. Msiwacheke. Nimemwona mwanamume mbeba magunia bandarini, kifua kama mlango wa Kiswahili, akitazama kichupa cha mtu mwingine na kwenda chini kama kanzu iliyodondoka kwenye kamba. Hofu nyingine zote zinaupandisha moyo ukimbie. Hofu ya damu ina tabia yake, inaupandisha kwanza, kisha mapigo na presha vinashuka kwa pamoja, na ubongo unakosa damu. Dalili zake utaziona kama ukimtazama usoni na si mkononi tu: anapiga miayo, jasho la baridi linatoka juu ya mdomo, anasema masikio yanavuma. Mlaze, miguu juu. Kuna Mswidi, Lars-Göran Öst, ambaye miaka ya 1980 alifundisha watu wa aina hiyo kukaza misuli ya miguu, tumbo na mkono ule usiochomwa mpaka uso upate joto, kuachia, kisha kukaza tena, ili presha isishuke. Nilimfundisha mbeba magunia huyo tulipokutana benchini miezi mitatu baadaye. Alikaza mpaka benchi likalia. Hakuanguka.

Lakini kuna siku sindano haiumi kabisa, na hiyo ndiyo siku mbaya. Mwaka 1994 tulimzika kaka yangu. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Hamjui miaka ile watu walivyokuwa wakisema "ameugua kwa muda mrefu" na kuishia hapo. Mwezi uliofuata mimi na mke wangu tulikwenda kupima. Najua nilikaa kwenye kiti, maana pamba nilitoka nayo. Mpira, spiriti, mchomo, sikumbuki hata kimoja. Nakumbuka siku za kusubiri karatasi, na mke wangu akipika wali mwingi kuliko watu tuliokuwepo. Nalisema hili kwa sababu mgonjwa mkimya, anayetoa mkono haraka na kutazama ukutani, mtamwona jasiri. Huenda hayupo pale kwenye kiti. Msimharakishe kuinuka.

Nimalizie kwa mjukuu wangu, maana ndiye aliyenifanya nikubali kuja hapa.

Ana miaka 5. Alipata homa, tukampeleka, kipimo cha kidole kikasema si malaria, wakataka damu ya mkono. Mama yake akamfunga khanga, mikono imebanwa, akamwambia, "Haiumi." Dada wa maabara akasema, "Haiumi, mpenzi." Mtoto akanigeukia mimi. Babu ndiye mahakama ya rufaa. Nami nikasema, haiumi.

Alilia, lakini kilio nilikizoea. Sikukizoea kile kilichofuata. Aliponyamaza alinitazama, si kwa hasira, alinitazama kama mtu anayehesabu chenji. Akasema, "Babu, umesema haiumi." Basi. Jioni nilimwambia uji umeshapoa, anywe. Akauliza, "Umepoa kama ile haiumi?" Kwa wiki nzima kila nilichosema kilipimwa kwa mizani hiyo. Bahari haina kina pale: kama ile haiumi? Mbwa yule mpole: kama ile haiumi? Nilikuwa nimekopa pesa ndogo sana, sekunde tano za utulivu, na riba yake sijamaliza kuilipa.

Nikamkumbuka balozi wetu wa kambini. Kwa watu waliokuwa wameshika mwichi na mapanga, hakuwaambia haiumi. Angewaambia hivyo, wa kwanza kuchomwa angepiga kelele, na Land Rover ile isingetoka salama.

Mpwa wangu ameniambia mtaniuliza sasa mseme nini. Mimi si mtaalamu, nitawaambia anavyosema mama wa maabara, kwa watoto na kwa wazee sawasawa. Akishakausha spiriti anasema, "Itauma kidogo, nitakwambia lini." Halafu anasema, "Sasa." Anachoma. Akitoa anasema, "Tayari." Hana neno la ziada. Mjukuu wangu tulimrudisha kwake mwezi uliopita. Alipoambiwa "itauma kidogo" alifumba macho, akauma mdomo, akatoa mkono mwenyewe bila khanga. Alipofika nyumbani alimwambia bibi yake, "Imeuma kidogo," kwa sauti ya mtu anayethibitisha taarifa.

Nimesikia baadhi yenu mmepangiwa kliniki yetu. Mimi zamu yangu ni Jumatatu, saa 1 asubuhi, benchi la pili kutoka dirishani. Maji nitakuwa nimekunywa, glasi mbili. Mkono wa kushoto ndio mzuri. Wa kulia una haya.